Hedifoni Zisizoumiza kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili wa Mnunuzi wa Nairobi

Anayenukuu sauti mtandaoni, mwanafunzi anayefuata mihadhara kwenye simu, mhudumu wa kituo cha kupokea simu, mlinzi wa usiku na redio yake: wote hawa huvaa hedifoni saa nne, tano, hata nane mfululizo. Sauti yenyewe haiwasumbui sana, maana hata hedifoni za bei ya chini siku hizi husikika vizuri vya kutosha. Kinachowasumbua ni masikio yanayowaka moto, utosi unaouma na taya linalobanwa, hadi mtu anaivua na kuiweka kando kabla kazi haijaisha. Na hedifoni iliyowekwa kando ni pesa iliyopotea. Kwa mtu aliyeitoa ile elfu moja na mia tano kwenye hela ya kodi ya nyumba, hilo si jambo dogo.

Msimamo wangu ni huu: starehe inapatikana kwa pesa kidogo, mradi uitafute yenyewe kwanza, kabla ya besi, kabla ya jina la kampuni, kabla ya taa za kuwakawaka. Maumivu ya hedifoni yana sababu unazoweza kuziona kwa macho na kuzipima kwa mkono ukiwa umesimama dukani.

Jua maumivu yako yanatoka wapi

Kumbuka hedifoni ya mwisho iliyokushinda. Iliuma wapi hasa?

Ikiwa uliumwa chini ya masikio karibu na kiungo cha taya, au kichwa kizima kilikuwa kama kimekamatwa na koleo, tatizo ni mbano wa ukanda, ule upinde unaopita juu ya kichwa. Hedifoni nyingi za bei ya chini hubana sana. Mbano mkali huziba mianya kati ya mto na ngozi, besi ikasikika nzito, na mteja anayeijaribu kwa dakika moja akaridhika. Baada ya saa moja ndipo mambo hubadilika.

Ikiwa ni utosi uliouma, basi ni uzito, au mto wa ukanda ni mwembamba. Uzito huandikwa kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Chini ya gramu 200 wengi hawahisi kitu. Kati ya 200 na 250 itategemea mto wa juu ulivyo. Ikipita 300, kwa mtu wa kuvaa siku nzima, mimi nisingeinunua hata ikiwa kwa nusu bei.

Ikiwa ni sikio lenyewe lililouma, sehemu ya juu au ukingo wa nje, basi lilikuwa linagandamizwa na kitu kigumu. Sikio ni gegedu lililofunikwa na ngozi nyembamba. Halina nyama ya kulikinga. Mgandamizo mdogo ambao hukuuhisi mwanzoni unageuka maumivu ukikaa muda mrefu. Hili hutokea kwa njia mbili. Hedifoni za kukaa juu ya sikio hulilaza sikio kuelekea kichwani. Nazo zile za kulifunika sikio zima zinaweza kuwa na tundu dogo au lisilo na kina, sikio likawa linagusana na plastiki iliyo mbele ya spika. Kina ndicho kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii, na ndicho kinachowaumiza zaidi.

Ikiwa ni joto na jasho, laumu ngozi bandia. Haipitishi hewa. Asubuhi za Julai mjini Nairobi unaweza hata kuifurahia, lakini Februari, chini ya paa la mabati, ni adhabu.

Kwa iafoni za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, maumivu karibu yote hutokana na kipira cha kwenye ncha kisicho cha saizi yako. Saizi ya kushoto na ya kulia zinaweza kutofautiana kwa mtu yule yule, na si kasoro ya mwili.

Chagua umbo ukiwa bado nyumbani

Ukifika mjini bila kuamua umbo, muuzaji atakuamulia.

Iafoni za kuchomeka ndizo nafuu kuliko zote na huzuia kelele za matatu vizuri, lakini huziba tundu la sikio, na wengine hawavumilii kusikia sauti yao ikivuma kichwani wanapoongea. Kwa safari ya saa moja ni sawa. Kwa simu za kazi mfululizo, sizipendekezi. Kuna pia zile zinazotua mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani, umbo ambalo Apple waliuza kwa jina EarPods kuanzia 2012 na ambalo sasa linaigwa na kila mtu. Hizi hazizibi wala hazibani, na kwa mwenye sikio linalozikubali ni starehe kubwa kwa pesa ndogo sana. Mwenye sikio dogo huumwa kwenye kingo. Zikikuumiza kidogo tu, vifuniko vya sponji vinaweza kukuokoa.

Za kukaa juu ya sikio ni nyepesi na hukunjika. Tatizo lao ni kulilaza sikio, na mwenye miwani asizifikirie sana. Lakini zikiwa nyepesi na mbano wake ukiwa mdogo, huvalika kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Sony MDR-ZX110 ina takriban gramu 120 na imekuwa ikiuzwa nchini kwa miaka mingi. Koss Porta Pro, iliyotoka 1984 na bado inatengenezwa, ilibuniwa na vijimto vya ziada juu ya masikio vinavyobeba sehemu ya mbano ili sikio lipumzike. Hapa kwetu ni vigumu kuipata kwa bei ya maana, lakini ukiwa na ndugu Marekani anayerudi Krismasi, mwombe hiyo badala ya manukato.

Za kufunika sikio zima ndizo chaguo langu kwa mtu wa kukaa mezani saa nyingi. Uzito wake husambaa na sikio halibanwi, ilimradi tundu liwe kubwa na lenye kina. Zipo zenye vikombe vilivyofungwa na zenye vikombe vilivyo wazi nyuma. Zilizo wazi hupitisha hewa na masikio hayachemki, ila kelele zote za nje huingia na sauti yako hutoka. Mwenye chumba kimya atazipenda. Anayeishi juu ya steji ya matatu, au anayefanya kazi watoto wakicheza sebuleni, achukue zilizofungwa.

Waya kwanza

Najua kila mtu anataka Bluetooth. Ila bajeti ikiwa ndogo, waya ndio rafiki yako. Kwa bei ile ile, pesa ya hedifoni isiyo na waya inagawanywa kati ya betri, saketi, chaja na kipokezi, na kinachobaki kwa mito na ukanda ni kidogo. Ya waya haina betri ya kuongeza uzito kichwani, na haina betri ya kufa baada ya miaka michache. Stima ikipotea, kazi inaendelea. Na sauti haichelewi nyuma ya picha, jambo ambalo mtu wa kuhariri video au kuweka maandishi ya chini ya filamu atalishukuru.

Simu yako haina tundu la milimita 3.5? Nunua adapta ya Type-C, lakini mwambie muuzaji unataka yenye chipu ya kubadilisha sauti ndani yake. Zipo adapta ambazo ni waya mtupu, na hizo hufanya kazi tu kwa simu chache zinazotoa sauti ya kawaida kupitia tundu la chaji. Ijaribu kwenye simu yako pale pale kabla ya kulipa.

Kagua pini pia. Mistari mitatu myeusi ina maana hedifoni ina maikrofoni, miwili ina maana haina. Kompyuta za zamani zenye matundu mawili, moja la sauti na moja la maikrofoni, zitahitaji kigawanyi cha waya. Ukikutana na hedifoni za studio za zamani, soma omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme: 16 hadi 32 zinaendeshwa na simu bila shida, lakini zenye omu 250 zitasikika kwa mbali hata ukiongeza sauti hadi mwisho.

Bluetooth inafaa pale ambapo waya ni kero kweli: mtu anayetembea akifanya kazi, anayepika, anayefanya mazoezi. Basi tafuta nyepesi. Sony WH-CH520 ina gramu 147 na JBL Tune 510BT ina gramu 160. Zote mbili hukaa juu ya sikio, hazilifuniki lote.

Bajeti yako inafika wapi

Bei Nairobi hubadilika na shilingi ikibadilika, kwa hiyo chukua haya kama mwelekeo tu.

Ukiwa na chini ya 500, kaa kwenye iafoni za waya, na usidanganywe na hedifoni kubwa ya bei hiyo. Kwa pesa hiyo, umbo dogo lina nafasi ya kutengenezwa vizuri kuliko umbo kubwa. Ukiwa na kati ya 500 na 1,500, iafoni za kampuni zenye udhamini nchini, kama Oraimo, zinaingia, pamoja na baadhi ya hedifoni nyepesi za waya za kukaa juu ya sikio. Kuanzia 1,500 hadi 3,000 ndipo za waya za kufunika sikio zinapoanza kuwa na maana. Mwenye pesa hizi mara nyingi huonyeshwa Bluetooth kubwa ya kung'aa isiyo na jina. Aipishe.

Tenga kidogo pembeni, mia mbili au tatu, kwa ajili ya marekebisho nitakayoyaeleza chini. Pesa hiyo ndogo huleta starehe kuliko kuongeza kiasi hicho hicho kwenye bei ya dukani.

Siku ya kwenda mjini

Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Nobel ya Amani ya 1960, bado ndiyo mahali pa kuanzia. Maduka ya vifaa vya elektroniki yamepangana, ushindani ni mkali, na ukikataliwa kujaribu hapa unavuka kizingiti tu. Moi Avenue kuna maduka ya simu yenye bei ya juu kidogo na risiti za uhakika zaidi. Maduka ya vyombo vya muziki nayo yasisahaulike: huuza hedifoni za studio za waya, na wauzaji wake wamezoea mteja anayesikiliza kabla ya kununua.

Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Jumamosi mchana hakuna atakayekupa dakika kumi. Vaa au beba vile unavyovivaa ukiwa kazini: miwani yako, nywele zako zilivyo, mtandio wako. Beba wimbo unaoujua vizuri na rekodi ya mtu anayeongea, viwe kwenye simu tayari. Hedifoni usiining'inize shingoni huku ukipita Tom Mboya au River Road. Mikono myepesi ipo.

Kisha omba kitu ambacho wanunuzi wengi wanaona haya kukiomba: muda. Mazungumzo huwa hivi.

"Karibu bosi, hii ni orijino, besi yake utaipenda."
"Asante kaka. Naomba niivae dakika kumi kwanza."
"Dakika kumi? Utanunua lakini?"
"Ikinikaa vizuri nanunua leo leo, pesa ninayo. Ikiniuma nitakwambia inapouma unionyeshe nyingine."
"Haya, simama hapo kando."

Muuzaji akisikia pesa ipo na mteja anajua anachotaka, mara nyingi hukubali. Akikataa kabisa hata kufungua boksi, shukuru na uende duka la pili. Usinunue hedifoni ya kichwani ambayo hukuivaa.

Ukishaivaa, fanya hivi. Rekebisha ukanda hadi mito ikae sawa, kisha sogeza kidole kuzunguka mto wote: je, unagusa ngozi kote, au umeacha mwanya nyuma ya sikio? Inamisha kichwa mbele, halafu nyuma. Ikiteleza, mbano ni mdogo mno. Ikikaa lakini unahisi mapigo ya moyo masikioni, mbano ni mkubwa mno. Tafuna hewa mara kadhaa, kwa sababu taya likisogea ndipo mbano mbaya hujitokeza. Tia kidole ndani ya kikombe ubonyeze kitambaa kilicho mbele ya spika. Ukigusa plastiki ngumu upesi, nawe una masikio yaliyochomoza, hiyo si yako.

Sasa iache kichwani, uzungumze na watu, uangalie bidhaa nyingine. Usiisikilize sana. Unachosubiri ni kuisahau. Ikifika dakika ya kumi na mkono wako umeshaigusa kuirekebisha mara kadhaa, mwili umekujibu.

Ukiivua, jitazame kwenye kioo cha simu. Alama nyekundu mbele ya sikio au kwenye mfupa nyuma yake inaonyesha mahali patakapouma baada ya saa mbili.

Ndipo uanze bei. "Bei ya mwisho ngapi?" ni mwanzo tu, taja yako, ukae kimya, halafu ongeza kidogo kidogo. Omba risiti yenye jina la duka na jina kamili la bidhaa, na ulipe kwa till ya duka ili ujumbe wa M-Pesa uwe ushahidi wa pili. Kibandiko cha "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" kisikutishe sana. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amedhamini ubora unaoridhisha wa bidhaa aliyouza. Haitakurudishia pesa kwa sababu umebadilisha mawazo, lakini upande mmoja ukinyamaza keshoye, una pa kusimamia.

Nywele, mtandio na miwani

Hedifoni nyingi zimebuniwa na watu wasiofikiria kichwa kilichosukwa rasta, na dada zetu ndio wanaolipa gharama. Ukanda ukikaa juu ya mistari ya nywele iliyosukwa juzi, kila fundo linakuwa msumari. Ukisuka kila mara, tafuta ukanda mpana wenye mto laini, au ule wa aina ya kujirekebisha: upinde mgumu juu, chini yake kitambaa kipana kinachotulia kichwani. Kitambaa hicho husambaza uzito na hakichimbi sehemu moja. Hakikisha pia ukanda unarefuka vya kutosha, kwa sababu kichwa chenye rasta nene au lokso huhitaji nafasi zaidi, na hedifoni iliyovutwa hadi mwisho wake hubana zaidi pia. Siku za kwanza baada ya kusuka, ukanda unaweza kuusogeza nyuma kidogo ya utosi, au ukatumia iafoni hadi ngozi ya kichwa ipoe.

Kwa wigi, ukanda mkavu wa plastiki huisukuma nyuma. Kipande cha kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye ukanda huzuia utelezi.

Anayevaa mtandio au hijabu ana njia mbili. Kuvaa hedifoni juu ya kitambaa kunawezekana kama kitambaa ni chepesi na hakina mikunjo chini ya mto. Sauti itapungua kidogo, besi zaidi. Kuvaa chini ya kitambaa huongeza joto, na hapo hedifoni nyembamba za kukaa juu ya sikio au iafoni ndizo zinazofaa. Pini za mtandio zihamishwe mbali na mto, maana zitauchana.

Miwani: tatizo ni mkono wa miwani unaokandamizwa kwenye fuvu. Mto laini na mnene huuzunguka, mto mgumu huusukuma. Bonyeza mto kwa kidole gumba. Ukiacha shimo linalorudi polepole, ni sponji nzuri. Ukirudi ghafla kama mpira, tafuta mwingine. Mwenye uwezo wa kuchagua fremu, achague yenye mikono myembamba.

Bandia na mtandaoni

Hedifoni zenye majina makubwa ndizo zinazoigwa zaidi. Njia rahisi ya kuzigundua ni uzito: kampuni hutangaza gramu kwenye tovuti yake, na mizani ndogo ya jikoni haidanganyi. Iliyo nyepesi au nzito mno kuliko kampuni ilivyotangaza, iache. Soma maandishi ya boksi herufi kwa herufi, angalia jina linalojitokeza kwenye simu unapoiunganisha, na kwa Sony WH-CH520, jaribu kama programu ya Sony yenyewe inaitambua. "Sony" ya mia nne inayouzwa kando ya barabara si Sony. Kuiga bidhaa ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, ila wewe mnunuzi unachojali zaidi ni kwamba mito ya bandia huwa migumu na hubanduka mapema.

Kwa Jumia, Kilimall na wengineo, starehe huwezi kuipima, kwa hiyo nunua huko kitu ulichokwisha kukivaa dukani, au kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Ukisoma maoni ya wanunuzi, ruka yanayosema "nzuri sana, imefika haraka" utafute anayetaja saa alizovaa, miwani, jasho. Huyo mmoja ana faida kuliko nyota zote tano.

Vya mitumba kutoka ng'ambo usividharau. Hedifoni nzuri ya waya iliyotumika, yenye mito iliyobanduka, huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu inaonekana mbaya, na mito hubadilishwa. Jaribu pande zote mbili huku ukipinda waya karibu na pini na karibu na kikombe; ikikatakata, punguza bei au uiache. Ya Bluetooth iliyotumika siipendekezi, kwa sababu huwezi kuiona betri. Na vipira vya iafoni vya mtu mwingine visiingie sikioni mwako, hata ukivichemsha.

Ifanye iwe yako

Hapa ndipo zile mia mbili tatu zinapofanya kazi. Hedifoni ya elfu moja iliyorekebishwa vizuri huwa na starehe kuliko ya elfu tatu iliyoachwa ilivyo.

Mbano ukiwa mkali, panga vitabu au maboksi ya viatu hadi upana wake uzidi upana wa kichwa chako kwa sentimita moja au mbili, uivishe hapo usiku kucha. Asubuhi ijaribu. Rudia ikibidi, ukiongeza upana kidogo kidogo. Hedifoni ya ukanda wenye bamba la chuma ndani hujifunza haraka na unaweza pia kulikunjua taratibu kwa mikono. Ya plastiki tupu usiikunjue kwa nguvu, itavunjika katikati.

Joto likikusumbua, chukua soksi safi ya pamba, ukate mduara kutoka sehemu ya mguuni, uuvishe mto wa hedifoni pande zote. Pamba hunyonya jasho, ngozi haigusi plastiki, na unazifua kila wiki. Besi itapungua kidogo kwa sababu hewa inapita, na wengi hawatagundua. Anayetaka kitu nadhifu zaidi, apeleke mito kwa fundi cherehani amshonee vifuniko vyenye mpira wa kukaza. Vipande vya pamba laini havigharimu kitu Gikomba.

Sikio likigusa plastiki ya ndani, bandua mto kwa uangalifu, ukate kamba nyembamba ya sponji, uizungushe chini ya mto hasa upande wa nyuma, kisha urudishe mto. Milimita chache za kina hubadilisha kila kitu, na mwelekeo wa mto hufuata umbo la kichwa ambacho nyuma ya sikio huwa kimeingia ndani.

Mito ikichakaa, pima kipenyo kwa rula kwa milimita kabla ya kuagiza mingine, na kama ni ya yai, pima urefu na upana. Usiagize kwa jina la hedifoni peke yake. Ukanda ukiwa mkavu, fundi viatu anaweza kuushonea kipande cha sponji ndani ya ngozi bandia, au uvae marvini chini yake siku za baridi.

Kwa iafoni, jaribu kila saizi ya vipira iliyokuja kwenye boksi, kila sikio peke yake. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza taratibu, achia. Kipira sahihi hukaa bila kusukumwa. Kikiwa kikubwa unahisi shinikizo, kikiwa kidogo kinatoka ukitabasamu. Vya sponji laini hujaza tundu bila kubana, ila huchakaa upesi.

Sauti

Shirika la Afya Duniani linatoa kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Mtu anayesikiliza ndani ya matatu yenye muziki wake, kwa hedifoni isiyoziba vizuri, hupandisha sauti ili aishinde ile ya spika za gari, na saa hizo nne anazimaliza upesi. Ndiyo maana mto unaokaa sawa si anasa. Ukiwa unaziba kelele, huhitaji kuongeza. Ishara ya hatari ni mlio ndani ya sikio ukishavua. Punguza siku hiyo hiyo. Maumivu ndani kabisa ya sikio au majimaji yanayotoka si ya kurekebishwa kwa sponji, ni ya kliniki.

Na ukivuka Jogoo Road au ukiwa nyuma ya bodaboda, vua upande mmoja angalau.

Idumu

Futa mito kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kila wiki. Spiriti hukausha ngozi bandia na kuifanya ipasuke. Usiiache juani dirishani. Vipira vya silikoni vioshe, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha.

Waya ndio hufa kwanza, karibu kila mara mahali unapoingia kwenye pini, kwa sababu hapo ndipo hupindwa mfukoni. Dalili ni sauti kurudi ukishikilia waya kwa namna fulani. Usiitupe. Mafundi wa simu mjini na mitaani hulehemu pini mpya kwa bei ndogo. Nunua wewe mwenyewe pini ya chuma yenye kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha, yenye mistari idadi ile ile kama ya zamani, na umwombe fundi akate sentimita tatu nne za waya ulioharibika kabla ya kulehemu, kisha afunge shingo ya waya kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Ijaribu pande zote mbili pamoja na maikrofoni kabla hujamlipa.